Mwalimu wa Kuanguka

Mtu huyu nilimtoa majini mimi. Sisemi kumwokoa, ingawa siku moja nilimwokoa pia. Nasema kwamba kwa mdomo wangu mwenyewe nilimfanya aachishwe kazi pekee aliyoijua kuifanya kwa furaha, na kabla ya hapo nilikaa na siri yake miezi sita, kila siku nikiapa kuisema na kila siku nikiimeza. Watu wa hapa Bagamoyo wanaoijua habari hii wamegawanyika. Wapo wanaosema nilimsaliti, wapo wanaosema nilifanya la maana, na wote nimechoka kuwasikiliza. Nataka nimweleze alivyokuwa, halafu kila mtu aamue mwenyewe, na asiyetaka kuamua aache.

Sote tulimwita Mwalimu. Alifundisha kuteleza baharini juu ya ubao wenye tanga, na hasa ile michezo ya watu wasio na akili timamu, mimi nikiwemo: kuruka na ubao, kuugeuza hewani, kutua nao ukirudi kinyumenyume. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa sarakasi, miaka mingi akisimama juu ya mabega ya wenzake mji hadi mji. Ubao alijifunza ukubwani, kwa mgeni mmoja aliyekuja kwa wiki mbili akakaa miaka miwili. Mgeni alipoondoka aliacha mbao na matanga yake kwa mama mwenye kituo cha michezo ya majini, mjane mwenye nyumba ya wageni pale ufukweni. Mama yule hakumjua mtu mwingine wa kumkabidhi vitu vile isipokuwa Mwalimu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na madera, duka langu liko karibu na soko. Nilimjua siku alipoingia amebeba tanga lililochanika, akalitandaza mezani kwangu bila hodi, juu ya gauni la bibi harusi, akasema, "Fundi, hili litashonwa na nani kama si wewe?" Nilimtukana moyoni, nikalishona. Aliporudi kulichukua aliuvuta mshono kwa meno kama mbuzi, akaridhika, akaniambia niende Jumamosi ufukweni nikaone kazi yangu inavyofanya. Nilikwenda Jumamosi moja. Ikawa miaka.

Kwanza, alikuwa hakai. Msibani alivua viatu, akaketi mkekani, na kabla hujamaliza kuwapa pole wafiwa umemkuta ameshasimama anapanga viti. Harusini alikula wima mlangoni, sahani mkononi. Ufukweni alikwenda huku akarudi huku mbele yetu, mpaka miguu yake ikachimba njia mchangani. Nilimuuliza siku moja kwa nini hapumziki. "Nikikaa, mwili unaanza kunidai," alisema. Nilidhani ni mzaha. Na mimi si mtu wa kutulia, mama yangu husema hata usingizini nashona, kwa hiyo ukituweka pamoja hakuna aliyempa mwenzake amani. Tulikuwa tukizungumza huku tunatembea, tukigombana huku tunatembea, na wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu zao walituchoka.

Somo lake la kwanza lilikuwa kuanguka. Wiki mbili nzima sikulowa hata kanga. Alilegeza mchanga kwa jembe, akasimamisha hapo mlingoti na tanga lake na bumu, ile fito ya kushikia, akaniambia nishike. Halafu alilivuta tanga kwa kamba, ghafla. Mwili wangu ulifanya kile ambacho kila mwili hufanya: mikono iliachia, nikaruka peke yangu na kwenda kupiga paji la uso mlingotini. Bahati yangu alikuwa ameuviringishia kipande cha godoro. Alingoja nifute mchanga mdomoni.

"Ukirushwa usiachie," alisema. "Anayeachia huenda kichwa mbele. Anayeshika huanguka pamoja na tanga lake, na tanga ni zito, halifiki mbali."

Nilirushwa mpaka viganja vikaota malengelenge. Wanawake wa sokoni walimuuliza mama yangu kama ni kweli binti yake anatoka nyumbani asubuhi kwenda kujifunza kuanguka, na mama akawajibu kwamba ndiyo, kusimama nilishashindwa. Baada ya hapo lilikuja somo la kuibuka. Ukizama usitoe kichwa kwanza, mkono utangulie, uwe juu ya utosi, kwa sababu hujui ubao wako uko wapi na ubao haujui kama wewe ndiye mwenye nao. Likaja na la kukubali kushindwa: mruko ukiharibika hewani usijaribu kuutengeneza huko huko, usukume ubao kwa miguu uende zake, jikunje, angukia mgongo. Hilo lilinichukua muda kuliko yote. Mimi kila kitu nataka kukitengeneza.

Michezo yenyewe alikuwa ameipa majina yake. Mruko wa kwanza, ule wa kuugeuza ubao mbele nyuma na kubadilisha mikono upande wa pili wa tanga, aliuita chapati, kwa sababu hugeuzwa mara moja na ukisitasita umeiunguza. Ule mgumu zaidi, ambao baada ya kutua unaendelea kuzunguka, aliuita chapati mbili. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa chapati mbili kabla hajatua ile moja siku tatu mfululizo. Siku mbili hazikuhesabiwa. Wengine walikasirika wakaondoka, na yeye aliwasindikiza mpaka barabarani akiwauliza habari za nyumbani.

Mikanda ya miguu ndiyo iliyotugombanisha zaidi. Ni ile inayoshika miguu juu ya ubao, na niliyeishona ni mimi. Mwanafunzi akiingiza mguu wote anajisikia yuko salama, kwa hiyo nikaishona mipana, na nilijivunia. Mwalimu akaifumua. Nikaishona tena, akaifumua tena, nyuzi zangu zote chini kama nywele za kinyozi. "Vidole tu, Fundi," alisema. "Mguu ukizama wote, siku ubao utakapogeuka na wewe hujageuka, kitakachogeuka ni mfupa." Nilimwambia anaharibu kazi ya watu. Alinivalisha mkanda wangu mwenyewe pale mchangani, mguu mzima, akaushika ubao na kuuzungusha kidogo tu, kama mtu anayefungua chupa. Nilipiga yowe. Tangu siku hiyo nimeshona mikanda myembamba.

Kila asubuhi aliingia majini na fito yenye alama mbili, akachoma huku na huku. Fukwe zetu hazina siri, maji yakipwa unatembea mpaka unachoka, na pezi la chini ya ubao likigusa fungu la mchanga ubao husimama papo hapo ila wewe husimami. Alama ya chini ilikuwa urefu wa pezi. Alama ya juu ilikuwa kiuno chake. Maji yasipofika alama ya juu hakuna kuruka, hata uwe umetoka Dar umekodi gari. Kaskazi ivume tamu namna gani, yeye alisema ngojeni maji, na sisi tukamngoja tukimnung'unikia na helmeti zetu vichwani. Mimi yangu niliifunga juu ya mtandio, na mashavu yalijaa kama ninatafuna muhogo.

Neno lililokatazwa kabisa lilikuwa "la mwisho". Ukisema, Mwalimu ngoja nijaribu la mwisho, alikutoa majini hapo hapo, hata kama ndiyo kwanza umeingia. Alisema watu hawaumii jaribio la kwanza. Huumia lile la mwisho, miguu imeshachoka na moyo unataka kurudi nyumbani na ushindi. Basi tukajifunza kusema uongo, kwamba tunakwenda kukausha tanga, kwamba upepo ndio umetupeleka kule. Alitujua. Alipuliza filimbi yake mpaka mbwa wa ufukweni wakaja.

Na alikataza pole. Hilo liliwaudhi watu kuliko yote, maana hapa kwetu mtu akijikwaa tu barabarani asiyemjua humwambia pole, na kunyamaza ni ukosefu wa adabu. Mwalimu hakutaka kuisikia. Mtu akianguka vibaya akatoka majini, na mmoja wetu akamwahi kwa pole, alimgeukia yule aliyesema.

"Umemfundisha kudanganya," alimwambia. "Wewe ukisema pole, yeye atajibu nini?"

Atajibu nishapoa. Ndivyo tulivyolelewa, pole huja na jibu lake, na jibu hutoka kabla mtu hajapata nafasi ya kuusikiliza mwili wake. Mwalimu alisema ameona watu wakisema nishapoa huku damu inatoka sikioni. Kwa hiyo pale kwetu aliyeanguka aliulizwa mambo matatu: jina lako nani, asubuhi umekula nini, upepo unatoka wapi. Kisha alitakiwa aonyeshe kwa kidole mahali panapouma. Asiyeonyesha mahali hakurudi majini, kwa sababu, alisema, hakuna mtu anayeanguka asiumie hata kidogo, kuna anayeficha tu. Hapo ndipo alipoileta methali yake aliyoipenda, mficha maradhi kifo humuumbua, na aliisema kwa kuivuta kama mtu wa mimbari.

Yote hayo alikuwa nayo, na juu ya hayo alikuwa mganga asiyejiganga. Alipanda bodaboda kichwa wazi. Nilimkuta mara nyingi amekaa nyuma ya pikipiki, helmeti ameipakata, akinipungia. Alitulazimisha kula uji kabla ya kuingia majini na yeye asubuhi yake ilikuwa kahawa chungu vikombe vitatu na kashata. Alituambia maumivu ya siku tatu ni ya daktari, na sikumwona hata siku moja akielekea hospitali. Alinuka dawa ya kuchua. Sikuijali harufu ile kwa miaka, niliichukulia kama harufu yake tu, kama wengine wanavyonuka udi au samaki.

Kisha tukaenda Mbegani. Kule ghuba imetulia, mikoko inakata mawimbi, na upepo wa kusi unapita juu ya maji bila kuyasumbua, kwa hiyo ndiko tulikokwenda tukitaka kujaribu jambo gumu. Tulipakia mbao kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, tukawa wawili tu. Alitaka kunionyesha chapati mbili kwa mara ya kwanza. Aliruka vizuri, akageuza, akatua, na alipoanza kuzunguka tanga likamnyang'anya mkono. Aliibuka kama alivyotufundisha, mkono umetangulia juu ya utosi. Ila ulikuwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulining'inia, na begani palikuwa na shimo ambapo hapakupaswa kuwa na shimo.

Hakupiga kelele. Alitembea majini mpaka kwenye mikoko, akapitisha kiganja kwenye mzizi, akanipa mgongo na kuegemea nyuma taratibu. Nililisikia bega linavyorudi. Nimesikia vitambaa vya kila aina vikichanika, lakini sauti ile sitaki kuisikia tena.

"Ni mara ya ngapi hii?" nilimuuliza.

"Siihesabu."

"Mwalimu, wewe ndiye unayeogelea kwenda kuwachukua watu."

"Najua ninachokifanya." Alikuwa akitembea majini, akienda akirudi, amelishika bega. "Usiseme, Fundi. Nipe mpaka kusi iishe, mama mwenye kituo nitamwambia mwenyewe."

"Na asipokubali?"

"Ndiyo maana nakuomba. Nikae nyumbani nifanye nini, nifuge kuku?"

Sijawahi kumsikia akiomba kitu, si kwangu, si kwa mtu yeyote. Kama angeniamuru ningemkatalia, mimi ni mbishi. Aliniomba, na mimi nikaona aibu kwa niaba yake, nikasema sawa.

Kusi ikaisha. Akasema tungoje kaskazi itulie kwanza, wageni ni wengi. Nikangoja. Nilijiambia heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na methali ile ikanitosha wiki kadhaa. Lakini sikuwa na raha. Kila alipoingia majini kumfuata mtu niliacha nilichokuwa nacho mkononi na kusimama. Nilimtazama kila anapotupa mkono, wa kulia, wa kushoto, wa kulia, na pumzi yangu ilikwenda na mkono ule. Nyumbani nilijichoma sindano vidoleni. Nilimsema mteja mmoja mpaka akachukua kitambaa chake. Nilimchukia Mwalimu kwa kunipa kitu kile nikibebe, nikamwonea huruma, nikamchukia tena, yote hayo kabla ya chai ya saa nne.

Siku yenyewe ilikuwa ya kaskazi nzuri, na dada mmoja kutoka Dar, mwanafunzi wa wiki ya tatu, alipitiliza mpaka tuliowawekea wanafunzi wakati maji yameanza kupwa. Pezi liligusa fungu. Alirushwa, akaachia, akaenda kupiga kichwa mlingotini. Helmeti ilimwokoa asipasuke, lakini alikuwa amezubaa, akielea na kumeza maji. Mwalimu alishatoka mbio. Alifika kwake haraka kuliko kijana yeyote, akamkumbatia kwa mkono wa kulia kumgeuza uso juu. Halafu nikaona vichwa viwili na mkono mmoja.

Maji yalikuwa yakiwavuta kuelekea kwenye wando, ile mitego ya fito ya wavuvi. Nilichukua ubao wangu, nikaenda na tanga sijui hata nililiinua vipi. Nilimkuta Mwalimu ameng'ata mkanda wa jaketi la yule dada kwa meno, mkono wa kushoto ukipiga maji, wa kulia umekufa. Nilimpandisha dada juu ya ubao, nikamwambia Mwalimu ashike nyuma. Hatukuzama. Sina zaidi la kusema juu ya safari ile ila kwamba nililia njia nzima kwa hasira.

Ufukweni watu walimzunguka. Hawakujua lolote, waliona mzee amechoka. Mmoja akamwambia, "Pole Mwalimu."

"Nishapoa," alisema.

Alinitazama alipolisema neno hilo. Mimi sikungoja hata kubadili nguo. Nilikwenda hivyo hivyo nachuruzika maji mpaka barazani kwa mama mwenye kituo, nikamweleza kila kitu, Mbegani na mikoko na yote. Alinisikiliza akiwa ameshika ungo wake wa mchele. Aliuliza swali moja tu, tangu lini, nikamwambia tangu kusi. Kisha akaendelea kuchagua mchele.

Mwalimu alikabidhi funguo kesho yake. Aliosha mbao zote kwa maji baridi, akakunja matanga, akaondoka. Kwa wiki tatu alipita mbele ya duka langu kila asubuhi kwenda kunywa kahawa na hakunisalimu. Mtu asiyekulia hapa hawezi kujua uzito wake. Hata waliogombana kwa sababu ya shamba husalimiana, hata waliopeana talaka. Mimi nilisema shikamoo Mwalimu kwa sauti, majirani wakasikia, na shikamoo ile ikabaki barabarani haina wa kuiitikia. Kisha nikasikia amehamia Miono, kwa dada yake, analima.

Mama mwenye kituo alinipa mimi filimbi. Nimefundisha kama alivyofundisha, kuanguka kwanza, fito asubuhi, mikanda ya vidole, maswali matatu. Wanafunzi wanasema mimi ni mkali kuliko yeye. Niliishi hivyo mwaka na zaidi, halafu wiki moja kabla ya Ramadhani kuisha niliingia peke yangu kujaribu chapati mbili. Nilikuwa nimefunga, miguu inatetemeka. Nilisema la mwisho, tena nililisema kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisikia. Nilitua kwa shingo.

Nilijiuliza jina langu, nikalijua. Upepo niliujua. Baada ya siku chache vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi, kitambaa kikawa kinaniponyoka, na nikimeza futari shingo inanikata. Sikumwambia mtu. Wateja waliuliza kwa nini mishono imekwenda upande nikasema mashine ina matatizo. Mama mwenye kituo aliuliza kwa nini sigeuzi kichwa nikasema nimelala vibaya. Niliendelea kuingia majini na wanafunzi, kila siku, miezi miwili. Nilijua ninachokifanya, na nilikuwa najua pia ni nani aliyewahi kuniambia maneno hayo.

Nilimkuta Msata. Nilikuwa natoka Korogwe kupeleka sare, nikashuka pale njia panda kungoja gari la Bagamoyo, jua la saa saba. Alikuwa amesimama katikati ya magunia ya ufuta. Alikonda, na ndevu zilikuwa zimeota nyeupe. Nilitaka kupita nyuma ya lori. Miguu ikanipeleka kwake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Fundi."

Aliitikia kawaida kabisa, kana kwamba tulionana juzi. Nikaona bora nilitoe kabla sijaogopa. "Ni mimi niliyemwambia mama," nilisema. "Nisamehe."

"Mama aliniambia siku ile ile. Nikusamehe nini, kusema?"

"Kusema."

"Hukukosa kusema." Alikuwa ameanza kutembea, hatua tatu huku, hatua tatu huku, kati ya magunia. "Ulichelewa. Miezi sita uliniacha niingie majini na watoto wa watu. Yule dada angekufa ningekufa naye, na wewe ungekuja kwenye mazishi yetu umenuna."

"Uliniomba, Mwalimu."

"Niliomba. Mgonjwa huomba hata maji aliyokatazwa. Kwa hiyo unampa?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea, nimeyapanga mwaka mzima. Yote yaliyeyuka. Machozi yalinitoka mbele ya wauza mahindi, na yeye akayaacha yatoke, hakusema pole. Kisha alinionyesha gunia dogo. "Nisogezee hili pale kivulini. Mkono wangu haupandi tena, hata chanuo siliinui."

Nililisogeza. Aliniangalia nikilisogeza, na nilijua kosa langu kabla hajafungua mdomo, maana nilikuwa nimelivuta kwa mkono mmoja.

"Wa kushoto una nini?"

"Mzima."

Alifungua kona ya gunia, akatoa punje chache za ufuta, akaziweka kiganjani na kunisogezea. "Okota moja. Kwa huo mzima."

Nilijaribu. Niliona punje, niliona vidole vyangu vikizifikia, lakini sikuzisikia. Nilijaribu mara ya pili, ya tatu. Zilikuwa zikisogea tu kiganjani mwake. Fundi cherehani wa miaka yote hiyo, nashindwa kuokota ufuta.

"Shingo," nilisema. "Tangu Ramadhani."

"Nani anajua?"

"Wewe."

"Na kesho?"

"Kesho nina wanafunzi wanne."

Alizirudisha punje guniani. Akatoa simu mfuko wa shati, kwa mkono wa kushoto, akaanza kubonyeza kwa dole gumba. Nikamwambia angoje nifike nyumbani, nitamweleza mama mwenyewe, kwa utaratibu, wiki hii hii. Wala hakunitazama. Simu iliita, ikapokelewa, na nikasikia sauti ya mama mwenye kituo kwa mbali, ikishangaa kwa furaha. Wakasalimiana. Nilisimama pale nikisikiliza salamu zote, za nyumbani, za afya, za dada yake, za mvua, za ufuta umekubali, za bega ndiyo hivyo halifai tena, za wajukuu wa mama mmoja baada ya mwingine, na malori yalipita, na gari langu la Bagamoyo likaja likajaza watu.

"Nzuri tu, mama, tunashukuru Mungu," alisema Mwalimu. "Ila nipo hapa Msata na fundi wako. Shingo yake mbovu na mkono wa kushoto haushiki kitu, miezi miwili sasa. Kesho asiingie majini."

Alisikiliza kidogo. Kisha akaninyooshea simu, nami nikaipokea kwa mkono wa kulia.